Mzee Nukta na Picha za Kutazamwa kwa Mbali

Baada ya miaka thelathini na moja katika chumba cha picha cha kiwanda chetu cha uchapaji, Mzee Nukta anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina lake kamili liko kwenye faili la utumishi. Sisi wengine tulishalisahau, na yeye mwenyewe akiitwa kwa jina hilo hugeuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yake.

Kazi yake ni nukta. Kalenda, kadi za harusi, majalada ya madaftari, fulana za mashindano: popote ulipoona uso wa mtu uliojengwa kwa vidoa vinene na vyembamba, mkono wake umepita hapo. Mteja huleta picha iliyopigwa kwa simu, gizani, mkono ukitetemeka. Mzee huiingiza kwenye kompyuta, huiondoa rangi, huukoleza weusi na weupe wake, kisha huiamuru programu iivunjevunje iwe nukta, kubwa penye kivuli na ndogo penye mwanga. Mwisho huitandikia rangi moja chini, chungwa au kijani, na picha iliyokuwa ya kutupwa inakuwa pambo la ukutani.

Wapo watakaomkumbuka mama mmoja aliyekuja na bango la harusi, amefura kwa hasira, akidai bintiye ametiwa tetekuwanga. Mzee hakubishana naye. Alimwomba arudi nyuma hadi mlangoni, akaliinua bango. Mama yule alitazama, akatazama tena, kisha akaagiza na la kwake mwenyewe.

Hiyo ndiyo tabu ya nukta, ukiwa karibu huoni kitu. Lazima mmoja ashike karatasi na mwingine aende mwisho wa korido. Kwa miaka mingi aliyeshika alikuwa mkewe, mshona vitabu wa chumba cha pili. Ukipita koridoni uliona karatasi kubwa yenye miguu. Na kwa kuwa anayeshika haoni, kila mara alimuuliza mumewe kutoka nyuma ya karatasi, "Umeona nini?" Mzee alimsimulia, na mara nyingi alichokisimulia hakikuwamo kabisa kwenye picha. Vicheko vyao tulivisikia hadi chumba cha mitambo, na huko hata kengele haisikiki.

Mkewe alifariki miaka saba iliyopita. Mzee alichukua ruhusa ya siku chache, akarudi kazini, na tangu hapo akawa anabandika karatasi mlangoni kwa selotepu, anakwenda mwisho wa korido, anatazama, anarudi, anabandua. Peke yake. Niseme ukweli, kumwona vile kulinitia uchungu, na mimi si mtu wa kulialia. Kazi yangu ni kusahihisha makosa ya wenzangu, na wanajua ninavyowachambua.

Baadaye alianza kukamata wapita njia. Mhasibu alishika, mlinzi alishika, mteja aliyekuja kuchukua risiti yake alishika. Vijana wa kompyuta walimweleza kwa heshima zote kwamba hakuna haja, aipunguze tu picha kwenye kioo na ataiona kana kwamba iko mbali. Hilo alilijua, maana ni yeye aliyewafundisha. Aliwajibu kwamba kompyuta haimuulizi ameona nini. Basi tukaendelea kushika. Kuuliza hakuna aliyethubutu, tuliona swali lile lilikuwa na mwenyewe.

Mwezi uliopita kamati ya zawadi ilimfuata na pendekezo la seti ya makochi ya watu saba. Alishukuru sana, kisha akauliza atakaa na nani. Binti yake ameolewa mbali na huja kwa nadra. Nyumba ina vyumba vitatu na viwili havifunguliwi. Mwenyekiti akamwomba ataje mwenyewe anachotaka.

Alifikiri, akasema: "Simu yangu hulia mkiwa na shida ya picha tu. Nikiondoka hapa haitalia tena. Nipigieni siku mkiwa hamna shida."

Makochi yamefutwa. Namba yake imechapwa nyuma ya kijarida hiki kwa herufi nene, na nimeihakiki mwenyewe mara mbili. Asije mtu akaniambia hakuiona.

Mzee wetu, asante kwa kila uso uliouokoa. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na miaka mingi ya kupumzika, na tunakutakia maisha mema kwa moyo wote. Jumatatu asubuhi, wakati wa chai, simu yako italia. Usikimbilie miwani wala kuwasha kompyuta. Ni mimi, na sina shida yoyote.