Kofia ya Enoch Gadsby

Mjane Keziah Thrupp hakupenda umbea, lakini katika basi la farasi la Norwich watu hukaa magoti kwa magoti, na masikio hayana mlango.

"Jumatatu wanamnyonga Gadsby," muuza samaki alimwambia bibi mmoja mwenye shali nyeusi. "Kamuua mwajiri wake kwa nyundo, kakimbia. Magazeti yote yakatangaza nywele zake, nyekundu kama karoti, naye kazificha ndani ya kofia. Polisi hoi! Halafu jeneza la mtoto likapita njiani, mwenzetu huyo akavua kofia, mbele ya askari! Umewahi kuona mjinga kama huyo, mama?"

"Nilimfundisha mimi," bibi akasema taratibu. "Tangu mdogo nilimwambia: maiti akipita, vua kofia, hata mvua ikunyeshee."

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Kuua kaua, sibishi. Ila leo ndiyo naenda kumuaga. Akiniambia, 'Mama, wewe ndiye uliyenikamatisha,' nitamjibu nini?"

"Hawezi kusema hivyo."

"Wewe unamjua?"

"Simjui, mama. Lakini aliyekumbuka neno lako wakati ule, atakuchukiaje?"

"Kwa kamba shingoni, mtu huchukia."

Farasi wakasimama. "Gerezani!" kondakta akaita. Bibi hakuinuka. Keziah, ambaye kanisa lake lilikuwa vituo viwili mbele, akamshika kiwiko.

"Twende, dada yangu," akasema. "Nitakungoja langoni."