Magunia ya Ikindwa

OPERETA: Tabora! Tabora, pokea simu ya mbali kutoka Posta ya Nzega. Haya Nzega, ongea. Dakika tatu.

VENERANDA: Haloo, Ofisi ya Vijana hapa. Nani mwenzangu?

TWALIBU: Dada Vene, shikamoo. Ni mimi—

VENERANDA: Nani? Paza sauti, waya unakwaruza!

TWALIBU: Twalibu! Twalibu wa Ikindwa!

VENERANDA: Alaa! Marahaba, marahaba sana, Ndugu Katibu wa Vijana wa Kijiji! Mwangaluka, habari za asubuhi! Mbona sauti imekauka, umeimaliza mkutanoni? Tangu Ijumaa humu ofisini hatuna wimbo mwingine. Twalibu kajaza uwanja, Twalibu kaonyesha mfano—

TWALIBU: Dada—

VENERANDA: Niache nimalize, sijapata mtu wa kumtania tangu asubuhi. Mgeni kutoka Dar kasema kwa kinywa chake, mkutano kama ule hajauona tangu aanze ziara. Jina lako limepelekwa chuo cha Chama. Umesikia? Chuo, bwana! Miezi tisa! Na mama yako nimekwisha mwambia.

TWALIBU: Umemwambia mama?

VENERANDA: Nisimwambie kwa nini? Nilipita kwenu mtaa wa Ng'ambo juzi jioni. Bi Batuli alipiga kigelegele, majirani wakadhani pana harusi. Kagawa kahawa na halua baraza zima. Hata mimi Mkatoliki nimewekwa mkekani niitikie dua yako.

TWALIBU: Loh.

VENERANDA: Loh nini sasa?

TWALIBU: Dada, ile ripoti ya mkutano. Imeshaondoka?

VENERANDA: Ipo hapa kwenye mashine, ukurasa wa mwisho. Katibu wetu, Ndugu Wenceslaus, anaitia sahihi saa tano, iwahi treni ya Dar. Kwani vipi?

TWALIBU: Pale kwenye magunia umeandikaje?

VENERANDA: Aa, hapo ndipo patamu! Sikiliza. "Wananchi wa Ikindwa, wake kwa waume, walifurika uwanjani na kupunga magunia juu, ishara yao ya kuwa tayari kwa mavuno makubwa. Kutokana na ari hiyo, Mgeni Rasmi ameagiza mahindi ya msaada yaliyopangiwa Ikindwa yapelekwe Ziba, kwenye shida zaidi." Ukurasa mzuri kuliko yote.

TWALIBU: Futa.

VENERANDA: Nifute nini?

TWALIBU: Yote hayo uliyosoma.

VENERANDA: Wee Twalibu! Humu nina karatasi tano na kaboni nne, hazifutwi kwa kidole. Una nini lakini? Unaumwa?

TWALIBU: [mkwaruzo] ...si ishara...

VENERANDA: Sikusikii!

TWALIBU: Nasema yale magunia si ishara ya chochote! Ni magunia tu! Watu walikuja nayo kuchukua mahindi!

VENERANDA: Mahindi gani?

TWALIBU: Ya msaada. Yale ya njano.

VENERANDA: Hata! Lori lilikuwa bado. Lilipangwa lije huko wiki hii.

TWALIBU: Najua.

VENERANDA: Sasa nani aliwaambia waje kuchukua Alhamisi, siku ya mkutano?

TWALIBU: Kuna watu nyuma yangu hapa posta, dada.

VENERANDA: Hao watu wanahusu nini? Nimekuuliza nani—

TWALIBU: Mimi. Niliwaambia mimi.

OPERETA: Nzega, dakika tatu zimekwisha. Unaongeza?

TWALIBU: Naongeza.

VENERANDA: Aongeze, aongeze! Twalibu, hebu anza mwanzo. Uliwaambiaje?

TWALIBU: Unakumbuka ule mkutano wangu wa kwanza wa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona? Walikuja watu kumi na tisa. Wawili walilala. Jua lile, njaa ile, nani ana nguvu ya kuja kunisikiliza mimi na shati langu la kijani? Halafu ikaja telegramu yenu, mgeni anafika Alhamisi, jazeni uwanja. Nikaona nitaaibika.

VENERANDA: Ukafanyaje?

TWALIBU: Jumanne nikamwita Mzee Limbu, mpiga mbiu wetu. Nikamwambia, tangaza: Alhamisi mahindi yanagawiwa uwanjani, kila kaya ije na gunia lake.

VENERANDA: Yesu na Maria.

TWALIBU: Nilidhani ni siku chache tu! Mahindi si yalikuwa yanakuja kweli? Nikasema watakuja Alhamisi, watamwona mgeni, Jumatatu lori linaingia, nani atakumbuka? Nilijiona mjanja, dada. Nilijicheka peke yangu chumbani kwa ujanja.

VENERANDA: Na mgeni? Hakuuliza magunia ya nini?

TWALIBU: Aliuliza. Tulikuwa jukwaani. Akaniinamia, "Kijana, mbona wote wana magunia?" Nikatazama chini. Wote wananitazama mimi, si yeye. Nikajibu, "Ndugu Mgeni, hiyo ndiyo salamu yetu ya mavuno."

VENERANDA: Hukusema hivyo.

TWALIBU: Nikachukua kipaza sauti nikawaambia, haya wananchi, inueni magunia juu! Wakainua yote. Wamama, vikongwe, wote. Wakaanza kuyapunga.

VENERANDA: Na wao walidhani wanapunga nini?

TWALIBU: Walidhani wanahesabiwa.

VENERANDA: Mshenzi wewe.

TWALIBU: Ndiyo.

VENERANDA: Usiniitikie ndiyo! Mtu mzima na akili zake, umesoma, umelelewa na Bi Batuli aliyekuwa hali chakula mpaka mtoto wa jirani ale! Unawapungisha watu magunia matupu! Na mgeni alipotangaza mahindi yanakwenda Ziba, ulikuwa wapi?

TWALIBU: Pale pale jukwaani.

VENERANDA: Ukasemaje?

TWALIBU: Nilipiga makofi.

VENERANDA: Sitaki kusikia tena. Hapana, sema. Sema yote.

TWALIBU: Kuna jingine. Jumatano, ile siku ya kabla, watu walipika. Vyote vilivyobaki vyunguni. Si wameambiwa kesho mahindi? Wengine walipika mbegu. Mtama wa kupanda, karanga za kupanda, zote wamekula, wamelisha watoto wakashiba siku moja. Sasa hawana cha kula na mvua ikija hawana cha kupanda.

VENERANDA: Nani kakuambia?

TWALIBU: Mzee Limbu. Na yeye alipika zake.

VENERANDA: Huyo aliyepiga mbiu? Aliamini?

TWALIBU: Kwa nini asiamini? Niliagiza mimi, na mimi ndimi Chama pale. Sasa kijiji kizima kimemsusa. Akisalimia hawaitikii. Wanamwita Limbu mwongo. Hata kisimani mkewe anapishwa kama ana ndui.

VENERANDA: Naye hajasema aliyemtuma?

TWALIBU: Hajanitaja hata mara moja. Asubuhi hii kaja ofisini, gunia kalikunja kwapani. Nikasema haya, leo natukanwa, na afadhali nitukanwe. Unajua kafanya nini?

VENERANDA: Kafanya nini?

TWALIBU: Kanipa pole.

VENERANDA: Pole ya nini?

TWALIBU: "Pole mwanangu, wamekudanganya wakubwa wako huko mjini." Anadhani nami nilidanganywa! Kasimama ananihurumia, mzee hajala, macho yamemwingia ndani. Na mimi, dada... mimi nikamwitikia. Nikasema asante baba.

VENERANDA: Twalibu.

TWALIBU: Nikasema asante baba! Akaondoka. Ndipo nikapanda lori la pamba kuja huku Nzega.

OPERETA: Nzega, dakika... Haya, malizeni. Fanyeni haraka.

VENERANDA: Opereta, unatusikiliza?

OPERETA: Malizeni tu, mama.

VENERANDA: Twalibu, sikia. Tulia unisikie. Lori halijatoka Tabora, Ziba linapelekwa kesho kutwa. Na Ziba nao wana njaa, lakini mzigo unaweza kugawanywa, nimeona hesabu zake. Nabadilisha mstari mmoja tu. Naandika, "Palikuwa na uvumi kijijini, wananchi wakadhani mahindi yanagawiwa siku ile." Basi. Ikindwa inarudi kwenye orodha, na wewe chuo unakwenda. Uvumi hauna mwenyewe.

TWALIBU: Ndugu Wenceslaus ataacha kuuliza umetoka wapi?

VENERANDA: Atauliza, ndiyo, lakini—

TWALIBU: Na watakwenda kwa nani? Si kwa aliyepiga mbiu?

VENERANDA: Watamhoji. Siku mbili tatu, mzee kama yule watamwachia—

TWALIBU: Dada Vene!

VENERANDA: Nimesema vibaya. Nisamehe. Nilikuwa namfikiria mama yako na ile halua.

TWALIBU: Usiombe radhi. Hilo la uvumi nililifikiria kabla yako. Mkutano Alhamisi, leo Jumatatu, mbona sikupiga simu Ijumaa? Nilikuwa nalipanga vizuri. Limbu kazeeka, nitasema kasikia vibaya. Nilikwisha liandikia hata barua. Asingekuja na ile pole yake, ningeituma.

VENERANDA: Unayo hiyo barua?

TWALIBU: Nimeichana njiani.

VENERANDA: Umefanya vyema. Hicho kimoja umefanya vyema.

TWALIBU: Sasa nitakuja kwa Ndugu Wenceslaus, anifukuze, sawa. Lakini nitamuuliza na yeye. Telegramu yake ilisema "jazeni uwanja kwa kila njia". Kwa kila njia, dada! Ninayo mfukoni. Nitamwekea mezani, nimwambie Ndugu Katibu, hii nayo—

VENERANDA: Usimuulize.

TWALIBU: Kwa nini nisimuulize?

VENERANDA: Basi tu, usimuulize.

TWALIBU: Unamtetea?

VENERANDA: Simtetei! Hakusema hivyo. Alisimama hapa mlangoni ana kikombe cha chai, akasema, "Waambie wahimize watu." Basi. Hayo ya kwa kila njia ni yangu. Niliongeza mimi.

TWALIBU: Wewe?

VENERANDA: Nilipenda yalivyosikika. Miaka minane nataipu maneno ya watu wengine. Nikaona nikiyaweka yatakuwa na nguvu, mtajua Tabora hapana mchezo. Kijiji gani, watu gani, wala sikuwaza. Nilikuwa nawaza telegramu.

TWALIBU: Hukuniambia nidanganye, dada.

VENERANDA: Sikukuambia. Lakini usinipunguzie.

OPERETA: Jamani, hospitali inangoja laini hii. Nusu dakika, nakata.

VENERANDA: Ngoja! Nachomoa karatasi. Naweka mpya. Haya, taja, nataipu hapa hapa.

TWALIBU: Andika... "Wananchi wa Ikindwa walikuja na magunia kwa sababu walidanganywa kwamba mahindi yanagawiwa siku ile. Hawana chakula. Mbegu wamekula."

VENERANDA: "...wamekula." Endelea. Walidanganywa na nani?

TWALIBU: Dada, watu hapa nyuma wamenyamaza wote. Wananisikiliza.

VENERANDA: Nijibu mimi. Na nani?

TWALIBU: Na mimi! Twalibu Nassibu, Katibu wa Vijana! Mpiga mbiu Limbu alitumwa na mimi, hakujua lolote! Umeandika?

VENERANDA: Nimeandika. Chuo hakipo tena, unajua.

TWALIBU: Najua.

VENERANDA: Na Bi Batuli? Nimwambie?

TWALIBU: Usimwambie wewe! Nitakuja mwenyewe. Lakini kwanza narudi Ikindwa. Sitaki Mzee Limbu alisikie redioni au kwa dereva wa lori. Dada, naona haya kumtazama yule mzee kuliko kufukuzwa.

VENERANDA: Nenda hivyo hivyo na haya zako. Twalibu, na lile langu? Niliandike?

TWALIBU: Hilo mimi sikuamulii, da—

OPERETA: Nzega imekatika. Tabora, unataka laini tena?

VENERANDA: Subiri kidogo, opereta. [mlango unafunguliwa] Karibu, Ndugu Wenceslaus. Ndiyo, ndiyo ripoti, lakini usitie sahihi kwanza. Kuna mambo mawili ndani, moja la Twalibu na moja la kwangu. La kwangu sijalitaipu. Keti nikuambie.

OPERETA: Tabora? Nikate?

VENERANDA: Kata, mwanangu. Asante.