Mama Vua-Soksi na Mistari Mitatu ya Kalamu

Saa tisa na nusu alasiri ya tarehe thelathini mwezi huu, muuguzi ambaye hospitali nzima inamwita Mama Vua-Soksi atakabidhi ufunguo wa kabati la dawa la chumba cha kuamkia, naye ataondoka akiwa mstaafu. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na tisa. Siku hizo kumi na tisa amezihesabu mwenyewe. Wahariri wa jarida hili walitaka kuandika miaka thelathini na minne tu, akawaambia kwamba mtu akianza kupunguza siku, kesho atapunguza hesabu ya vitambaa vilivyoingia tumboni mwa mgonjwa.

Wasifu huu umeandikwa na aliyekuwa matroni wa idara ya upasuaji, ambaye alistaafu miaka sita iliyopita. Matroni huyo alimsimamia Mama Vua-Soksi kwa miaka kumi na saba. Katika muda huo alimpa onyo la maandishi mara moja tu, na mara hiyo moja matroni ndiye aliyekosea. Jambo hilo linatajwa mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani.

Mama Vua-Soksi aliajiriwa katika wodi ya wanaume akiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Mwaka wa tatu alihamishiwa chumba cha upasuaji, akawa mshika vyombo kwa miaka tisa. Kisha akapelekwa chumba cha kuamkia, chumba chenye vitanda vinne kinachopakana na chumba cha upasuaji, ambamo mgonjwa hulazwa mpaka usingizi wa nusukaputi umtoke. Wapo waliomhurumia kwa uhamisho huo, wakidhani ameshushwa. Aliwajibu hivi: "Kule ndani watu sita wanamtazama mgonjwa mmoja. Huku mimi peke yangu nawatazama wanne. Sasa niambieni kazi iko wapi."

Jina lake lilitokana na utaratibu aliojiwekea. Asubuhi ya upasuaji alikwenda wodini kabla mgonjwa hajaletwa. Alimsalimu, akamuuliza nani anamsubiri nje, kisha akamvua soksi na kumpitishia mgongo wa mkono miguuni, kuanzia vidoleni hadi gotini. Aliandika katika faili alichokikuta, kwa kuwa alishikilia kwamba kila mtu ana baridi yake, na asiyeijua baridi ya mtu akiwa mzima hataitambua akiwa taabani. Mgonjwa akiwa mezani, alihakikisha visigino vyake havigandamizwi, akavikunjia kitambaa chini. Mgonjwa akitoka, alimvua tena zile soksi ambazo wauguzi wenye huruma walikuwa wamekwisha kumvisha.

Kisha alitoa kalamu. Mahali baridi ilipokoma na joto lilipoanza, alichora mstari wa buluu kwenye ngozi na kuandika saa pembeni yake. Baada ya robo saa alipima tena. Baridi ikishuka kuelekea vidoleni, mgonjwa anarejea. Ikipanda kuelekea gotini, maana yake mwili umeanza kuinyima miguu damu ili uunusuru moyo, na mwili haufanyi hivyo bila sababu. Mashine ya presha huchelewa kulijua jambo hilo, hasa kwa mgonjwa kijana, kwa kuwa mwili wenye nguvu huficha hasara yake mpaka dakika ya mwisho.

Utani haukukosekana. Askari mmoja mstaafu alikataa katakata kuvuliwa soksi, akasema aliwahi kuvuliwa silaha lakini soksi kamwe. Ilibainika kwamba ya kushoto ilikuwa na tundu lililotoa vidole viwili. Alipozinduka baada ya upasuaji alikuta tundu limeshonwa, naye hakumwambia mtu mpaka siku ya kuruhusiwa. Mume wake Mama Vua-Soksi, fundi wa baiskeli, hulalamika kwamba mkewe amemgusa miguu kila usiku kwa miaka thelathini bila kumpa majibu ya vipimo.

Matroni hakucheka. Yeye alifundishwa kwamba ngozi ya mgonjwa ni safi au ni chafu, na kwamba mahali pa wino ni kwenye karatasi. Mashuka yalirudi kutoka kwa dobi yakiwa na madoa ya buluu. Binti wa mgonjwa mmoja akaleta malalamiko kwamba baba yake amerudishwa nyumbani na michoro kama ukuta wa shule. Siku ya Jumanne, saa mbili asubuhi, matroni alimwita Mama Vua-Soksi ofisini na kumkabidhi barua ya onyo. Barua ilisema kwamba akimchora mgonjwa mwingine, ataondolewa katika chumba cha kuamkia.

"Mgonjwa si daftari," matroni alimwambia.

Mama Vua-Soksi aliisoma barua mara mbili, akaweka sahihi. "Nisichore, au nisiguse?" akauliza.

"Usichore."

"Sawa, matroni."

Siku hiyohiyo mgonjwa wa kwanza alikuwa mshonaji wa nguo mwenye umri wa miaka thelathini na miwili, mama wa watoto wawili, aliyekuja kuondolewa uvimbe katika kizazi. Mama yake mdogo alimsindikiza, akaketi kwenye benchi la koridoni akiwa amezishika soksi za mwanawe mkononi, kama alivyokabidhiwa. Katika faili la asubuhi Mama Vua-Soksi alikuwa ameandika: miguu ina joto hadi vidoleni.

Mshonaji alitolewa saa tano na robo. Presha yake ilikuwa nzuri, mia na kumi kwa sabini. Mapigo ya moyo yalikuwa tisini na mawili. Bandeji ilikuwa kavu. Mama Vua-Soksi akafunua blanketi, akapitisha mkono, na baridi ilikoma kwenye vifundo. Hilo peke yake halikuwa kitu, kwani chumba cha upasuaji ni cha baridi. Hakuchora. Aliiweka alama kichwani.

Saa tano na nusu baridi ilikuwa katikati ya muundi. Mapigo yalikuwa mia moja na manne. Presha haikubadilika, na bandeji ilikuwa bado kavu. Mshonaji alipiga miayo, akaomba maji, akageuza kichwa huku na huku kama mtu ambaye mto wake una mawe. Mama Vua-Soksi alisimama na mkono wake juu ya ule mguu. Alieleza baadaye kwamba hapo ndipo alipoacha kuiamini kumbukumbu yake, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu mwenye hofu hupanda na kushuka ipendavyo. Alitoa kalamu. Akachora mstari wa kwanza kifundoni na wa pili kwenye muundi, akaandika saa zote mbili, akijua barua inasema nini.

Saa sita kasorobo alichora mstari wa tatu, vidole vitatu chini ya goti. Mapigo yalikuwa mia moja kumi na manane. Akapiga simu ofisini kwa matroni.

Matroni aliingia, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa ile mistari.

"Hata wino wa barua haujakauka!"

"Anavuja damu ndani, matroni."

"Presha ni mia na kumi. Bandeji kavu. Unataka nini?"

"Nataka mkono wako."

"Unasemaje?"

"Nipe mkono wako kwanza. Kunifukuza utanifukuza baadaye."

Matroni hakuutoa mkono, ulichukuliwa. Uliwekwa kwenye vidole vya mshonaji, navyo vilikuwa kama sakafu ya saruji alfajiri. Ukapandishwa taratibu juu ya mstari wa kwanza, juu ya wa pili, juu ya wa tatu. Baridi haikukoma kwenye mstari wa tatu. Ilikuwa imeuvuka kwa upana wa kidole, ilhali mstari ule ulikuwa na umri wa dakika tano.

Upande wa pili wa mlango, mgonjwa aliyefuata alikuwa amekwisha kulazwa mezani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye ngiri, na daktari wa nusukaputi alikuwa ameshika sindano ya usingizi. Chumba cha upasuaji kilikuwa kimoja na meza moja. Mwalimu akilala, meza ingeshikwa kwa saa nzima na zaidi, na mshonaji hakuwa na saa nzima. Juu ya mlango taa nyekundu ilikuwa inawaka. Mlango wenye taa nyekundu haufunguliwi na mtu wa nje kwa sababu yoyote, na kanuni hiyo iliandikwa na matroni mwenyewe, ikabandikwa hapo kwa mkono wake.

Matroni alisita. Hajui hata leo alisita kwa muda gani.

Mama Vua-Soksi hakusita. Aliusukuma mlango kwa bega. "Daktari, usimlaze huyo. Naomba meza."

Daktari wa upasuaji aligeuka, mikono yake juu. "Mshonaji? Bandeji ikoje?"

"Kavu."

"Presha?"

"Mia na kumi."

"Sasa, sista, unaniletea habari gani?"

"Nakuletea habari ya miguu."

Daktari alimtazama matroni aliyesimama mlangoni, chini ya karatasi ya kanuni yake. Wote mle ndani walijua habari za barua. Koridoni hakuna siri. Kama matroni angesema neno moja la shaka, mlango ungefungwa na sindano ingeingia.

"Nimeigusa mwenyewe," matroni akasema. "Ni kweli."

Aliyeondoka wa kwanza alikuwa mwalimu. Alishuka mezani kwa miguu yake, akishikilia gauni la hospitali kwa nyuma. "Mpisheni mwenzangu apite. Ngiri yangu imengoja miaka minne, haitashindwa kungoja mchana mmoja."

Kitanda cha mshonaji kilikuwa katikati ya mlango wakati mashine ilipoanza kulia. Presha ilikuwa sabini. Walipomfungua tumbo walikuta damu lita moja na nusu, na mshipa mmoja ambao uzi wake ulikuwa umeteleza. Ulifungwa upya. Mama Vua-Soksi alivaa glavu na kusimama kwenye hesabu ya vitambaa, akavihesabu kwa sauti hadi cha mwisho, na sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku.

Mshonaji alirudi kitandani saa saba na dakika kumi. Hakuna aliyethubutu kumvisha soksi. Saa nane baridi ilikuwa imeshuka chini ya mstari wa tatu. Saa tisa ilikuwa kwenye mstari wa kwanza. Saa kumi vidole vilikuwa na joto, na mshonaji alikuwa anauliza kama watoto wake wametoka shule. Mama yake mdogo aliruhusiwa kuingia, akafunua blanketi ili amvishe zile soksi, akaiona mistari.

"Nani amemchorachora mwanangu namna hii?"

"Aliyemrudisha," akajibu matroni.

Kesho yake matroni aliiomba ile barua ili aichane. Mama Vua-Soksi alikataa. Alisema barua imeandikwa, imepokewa na imesainiwa, kwa hiyo ikae. Kama matroni ana neno jingine, aandike barua ya pili. Matroni aliandika barua ya pili. Ilikuwa na sentensi moja: "Muuguzi aliyetajwa katika barua ya jana alikuwa na haki, nami sikuwa nayo." Wiki iliyopita ofisi ya utumishi ilipokuwa inalisafisha faili lake kwa ajili ya kustaafu, ilimuuliza kama barua ya onyo iondolewe. Aliomba zote mbili zibaki pamoja, kwa sababu moja bila nyingine ni uongo.

Leo fomu ya chumba cha kuamkia ina safu yenye kichwa "Baridi imekoma wapi", na kila kitanda kina kalamu ya buluu iliyofungwa kwa uzi. Wauguzi arobaini na saba wamefundishwa kazi na Mama Vua-Soksi, na wote, hata wale ambao hawajawahi kusikia kisa cha mshonaji, hutumia mgongo wa mkono. Dobi bado analalamika. Karatasi ya taa nyekundu imebaki mlangoni, lakini matroni aliiongezea mstari mmoja chini kabla ya kustaafu: isipokuwa muuguzi wa chumba cha kuamkia.

Mama Vua-Soksi, asubuhi ya kwanza bila wewe mgonjwa atavuliwa soksi, naye hatajua ni kwa nini. Huo ndio urithi uliotuachia. Tunakushukuru kwa kila mguu ulioushika, na kwa kuuchukua mkono ambao ulikuwa umekataa kutolewa. Nenda kapumzike. Mwambie fundi wa baiskeli majibu yake, amengoja vya kutosha. Vua viatu, nyoosha miguu, na uzee wako uwe mrefu na mwema, na baridi yake isipande kamwe juu ya vidole.