Nilifunga kwa Sababu ya Meno

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata kwa kinywa hiki kilichowadanganya.

Mnakumbuka mlivyoniita mzee wa mfungo. Ibada ikiisha, akina mama wakianza kupakua bugali na sombe, majani yetu ya muhogo, mimi nilikuwa nachukua koti na kuwahi treni ya kurudi kwangu Hagsätra. Mchungaji alisema hapa mbele, "Mwigeni Papa Riziki!" Ndugu zangu, sikuwa nafunga! Meno yangu yalikuwa yameoza, fizi zilitoa usaha, na niliona haya kutafuna mbele yenu. Aibu yangu nikaifunika kwa jina la Mungu.

Mke wangu aliniamini. Akasema, "Hutafunga peke yako." Naye alikuwa mgonjwa wa sukari! Nilimwona akikonda, nikazidi kujifanya nafunga.

Majira ya baridi nilianguka kwenye ngazi, nyonga ikavunjika. Hospitalini walinisimamisha, miguu ikakataa. Mtaalamu wa mazoezi akauliza ninakula nini. Mtaalamu wa lishe akaona sahani zangu zinarudi zimejaa. Ndipo akaitwa muuguzi wa meno. Nilibana midomo kama mtoto. Nilipoifungua, nililia.

Waling'oa meno mabovu, wakanifundisha kusafisha fizi, wakaninywesha uji mzito wa maziwa na mayai. Kila siku hatua chache kwenye korido. Walifanya yote kwa pamoja, maana miguu isingepata nguvu bila chakula, na chakula kisingepita kwenye kinywa kile.

Mke wangu, Mama Riziki, alipokuja kunitazama nikamwambia ukweli.

"Ee, Papa Riziki! Njaa yote ile, kumbe ni ya meno?" Alicheka kidogo. "Haya, pona. Ukirudi tutakula bugali pamoja."

Hatukula. Homa ya mapafu ilimkuta hana nguvu za kupigana nayo. Ndugu zangu, hatua zile za korido nilizipiga ili niweze kwenda kumzika.

Mungu ameniokoa na uongo wangu. Lakini mke wangu Mungu hakunirudishia, nami sithubutu kumdai. Namshukuru kwa pumzi hii na kwa mikono ile iliyonisimamisha.

Wazee wenzangu mnaobana midomo, mtumainieni Yesu, mfungue vinywa kwa waganga wa hospitali. Leo siwahi treni. Nina meno ya bandia, natafuna polepole. Atakayekaa nami mezani, karibu. Kiti cha pembeni yangu kiko wazi.