Mama Elieth na Kapu la Mwami wa Ruhembeza

Tarehe 30 Septemba 2025 Mwalimu Maximilla Niyitegeka anastaafu, baada ya kufundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na minne: minane Kibondo, ishirini na sita hapa kwetu Kasulu. Nimepewa kuandika wasifu huu kwa kuwa nimekaa naye meza moja ofisini kuliko mwalimu mwingine yeyote. Sikusikia mtu akitaja uandishi wangu.

Mwaka 2001 alitunga igizo la mahafali kuhusu Ruhembeza, ufalme usiokuwemo kwenye ramani yoyote. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, nathibitisha. Akanipa nafasi ya Mwami, yaani mfalme wake. Nilidhani amependa sauti yangu. “Kitambi hicho kimetuokolea mto wa kufungia tumboni,” aliniambia.

Kule Ruhembeza, Mwami akiposa hupeleka kapu la kifuniko lililojaa ulezi, limesukwa lote isipokuwa mzunguko wa mwisho wa ukingo. Huo humaliziwa na mama wa binti kwa mkono wake. Asipoumaliza, binti hajatoka kwao, na mposaji haruhusiwi kuoa kwingine. Sheria hiyo niliitangaza jukwaani kila mwaka, nimejifunga kitenge cha madoa ya chui.

Watu waliipenda kupita tulivyotarajia. Wazazi wa mjini wakaanza kutaka makapu kwa harusi zao za kweli. Mzee Nkunzimana wa Mabamba alikuja ofisini kumweleza Mwalimu kwamba mila hiyo aliirithi kwa babu yake. Mwalimu alimsikiliza kwa adabu, akaandika na mambo mawili ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameyatunga.

Mwaka 2019 bintiye wa pekee, Elieth, muuguzi wa Kakonko, aliposwa na Fidele, mwalimu wetu wa Fizikia. Fidele alisuka kapu mwenyewe kwa wiki sita, likakaa upande. Tulicheka sana siku alipolileta ofisini. Siku tisa kabla ya harusi Elieth aliugua, na siku ya tatu akafariki. Kapu likabaki juu ya kabati la ofisi, sindano ikiwa imechomekwa ukingoni.

Mwalimu aliporudi kazini hatukujua tumwite nani, tukajificha kwenye “Madam”. Alivumilia mpaka Ijumaa. “Mimi ni Mama Elieth,” akasema. “Msiniondolee na hilo.”

Miaka sita Fidele hakuoa. Sasa yupo anayemsubiri, na kwa jina simtaji kwa sababu anakaa meza ya tatu kutoka dirishani. Nilimwambia Fidele, “Bwana mdogo, yale ni maigizo tu.” Akanijibu, “Basi mwambie Mama alishushe lile kapu.” Mwami wa Ruhembeza hakuthubutu.

Ijumaa iliyopita, vipindi vilipokwisha, Mama Elieth aliniomba nimshikie kiti apande. Akalishusha kapu, akalifuta vumbi. Ulezi ulikuwa umeliwa na wadudu. Akaumwaga nje, kuku wakaja. Kisha akaketi akasuka ule mzunguko, na haikufika hata saa moja. Akamwita Fidele.

“Nimemaliza, mwanangu,” alimwambia. “Hili naondoka nalo mimi. Wewe nenda kamsukie mwenzio, na safari hii lisikae upande.”

Fidele alilia. Mimi nikaenda kutafuta chaki, ingawa sikuwa na kipindi.

Jumamosi anarudi kwao Kibondo. Amekataa tumkodie lori: vitanda na vitabu vitaenea kwenye gari dogo, na kapu atalipakata. Mama Elieth, kwa wanafunzi uliowafundisha, kwa maigizo, na kwa kutuvumilia sisi wa meza yako na za jirani, tunakushukuru. Upumzike vyema, afya isikupungukie, na mlangoni pako pasikose wa kubisha hodi. Wa kwanza tutakuwa sisi.