Waya wa Shemeji

Wanasema macho hayana pazia. Masikio ndiyo usiseme. Ndani ya basi, fundi cherehani alikaa nyuma ya muuguzi na abiria mwenzake, mwanamume aliyepakata redio ya mawasiliano kama kitoto.

"Shemeji yako naye ana ugonjwa huo," muuguzi alimwambia. "Kafunga waya wa redio uani, anaongea na watu asiowajua hadi ng'ambo. Siku moja nikaanika shuka kwenye waya wake. Kabla hajafoka, akaitikiwa na mtu wa mbali kuliko wote. Tangu hapo anafua mwenyewe: shuka, mapazia, hata sare zangu."

"Lakini dada, nguo mbichi haziusaidii waya."

"Najua. Juzi akiwa uani anasuuza, nilimuuliza huyo wa mbali redioni. Akasema sauti ni ileile, nguo ziwepo zisiwepo."

"Basi mwambie ukweli. Sisi watu wa redio hatufichani."

"Mimi si mtu wa redio, kaka. Ni mtu wa shuka safi."

Basi likasimama, mwenye redio akashuka akitikisa kichwa. Fundi, ambaye mumewe hajawahi kufua hata leso, hakuwa amefika kwake, lakini alishuka mbiombio kumuuliza waya huo unauzwa wapi.