Haykanush Tumasyan na Mababu wa Wazakarian

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Bi Haykanush Tumasyan, mhifadhi mkuu wa makumbusho yetu chini ya mlima Aragats hapa Armenia, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei.

Alianza katika ile miaka ya baridi isiyo na umeme, akiwatembeza wageni kwa taa ya mafuta, koti halimtoki mwilini. Wageni walitoka wakibishana kuhusu makabaila wa karne ya kumi na tatu kana kwamba wamewaacha sokoni asubuhi ile.

Wengi wetu tutamkumbuka kwa bango la ukumbi wa pili. Aliandika hapo kwamba Wazakarian, ukoo uliotawala ngome nyingi za nchi hii, walikuwa na asili ya Kikurdi kwa mujibu wa waandishi wa zama zao. Sentensi moja tu. Tajiri mmoja wa Yerevan, Bwana Hrahat, aliyejihesabu kizazi cha ukoo huo, alikuwa ametuahidi paa jipya. Alikuja na wapiga picha, akasoma, uso ukamwiva.

"Mama, unanifanya mimi Mkurdi mchunga kondoo?"

"Sikufanyi kitu, mwanangu. Wamesema wa zama hizo."

"Basi ng'oa hilo bango, au sahauni paa!"

Mkurugenzi wa wakati huo alimsihi alegeze. Bi Haykanush akajibu, nasi sote tukisikia: "Nikifuta hili leo, kesho mtanituma nikafute ngome."

Paa halikuja. Theluji ilipoyeyuka, tulishinda tukihamisha mabeseni na kufunika misalaba ya mawe, na baadhi yetu tulimnunia. Nilimkuta stoo analia. "Labda nimewaponza," aliniambia. Kesho yake alipanda vijiji vya juu kwa Wakurdi, akarudi na Rizgan, fundi wa mabati, pamoja na kaka zake. Waarmenia wa mtaani wakaleta mbao.

"Paa la mababu zetu hili, tutaliachaje livuje?" Rizgan alitania kutoka juu.

"Ehee, ngome zikitajwa ni mababu zenu, misumari ikipungua ni mababu zetu!" jirani mmoja akamjibu kutoka chini. Kazi ikaenda kwa vicheko, na paa hilo halijavuja hadi leo.

Miaka miwili baadaye Bwana Hrahat alirudi peke yake, bila kamera. Alilisoma bango upya.

"Kwa hiyo wale wa juu ni ndugu zangu, Mama?"

"Nenda kawaulize. Chai hawamnyimi mtu."

Alikwenda kweli. Alishuka jioni na jibini la kondoo kwapani, akatukatia sote.

Bi Haykanush, asante kwa ukweli ulioutetea hata sisi wenzako tulipokununia. Nenda Gyumri ukalee wajukuu, ulale mpaka jua lipande. Afya iwe nawe na furaha isikuishie. Bango lipo pale pale, na halitaondoka.